Mwongozo kamili: kukomesha ulishaji wa ndege na utelekezaji wa mbwa na paka kwenye bustani na fukwe za Mwanza

Kamati nyingi za mitaa hapa Mwanza zimeshajaribu jambo hili na kukwama pale pale. Kibao kinapakwa rangi, mwenyekiti anatangaza kwenye mkutano, mgambo anasimama wikiendi mbili, halafu korongo wanarudi kwenye pipa na boksi lenye vitoto vya paka linakutwa chini ya mti Jumatatu asubuhi.

Ukali haukupungua mahali popote. Kilichokosekana ni mpangilio: katazo limetangulia, chakula kimebaki palepale, na mwenye mbwa asiyeweza kumtunza hana pa kumpeleka. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Tunaondoa chakula, tunamfungulia njia mwenye mnyama, ndipo tunakataza.

Mambo haya mawili yanashughulikiwa pamoja kwa sababu yanategemeana. Vichwa vya sangara na chipsi anazomwagiwa korongo mchana ndizo zinazomlisha mbwa usiku. Na mtu anayetaka kumtupa mbwa wake huchagua mahali anapoona mbwa wengine wanashiba, ili dhamiri isimsute sana. Ukizuia moja ukaliacha jingine, utafanya kazi mara mbili.

## Vya kuandaa kabla ya hatua ya kwanza

- Daftari gumu na kalamu, kwa kuhesabia ndege na wanyama.
- Simu yenye kamera inayoonyesha tarehe kwenye picha.
- Mapipa yenye mfuniko mzito, mnyororo na kufuli. Pipa la chuma linafaa kuliko la plastiki.
- Ndoo zenye mfuniko kwa kila mama lishe na muuza samaki wa eneo hilo.
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata na ya afisa afya wa kata, zote zikiwa zimejaribiwa na zinapokelewa.
- Nakala ya sheria ndogo za usafi wa mazingira za halmashauri yenu.
- Watu watano au sita wenye subira. Wenye hasira waachie kazi ya kubeba mapipa.

## Hatua ya 1: Jua eneo ni la nani

Mji wetu una halmashauri mbili. Capri Point, Kamanga, Igogo na Mirongo ziko Halmashauri ya Jiji la Mwanza, wilaya ya Nyamagana. Kirumba, Kitangiri na Pasiansi ziko Manispaa ya Ilemela. Barua ya mkazi wa Kirumba iliyopelekwa Jiji italala kwenye faili mpaka ichakae, na hakuna atakayemwambia kwamba alikosea mlango.

Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na kiko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), kwa hiyo kina kanuni zake. Ufukwe wa hoteli una mwenyewe, na yeye anaweza kupiga marufuku leo hii bila kikao chochote. Anzeni kumwona huyo, kwa sababu mfano unaoonekana kwa jirani hushawishi zaidi ya hotuba.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Afisa mazingira wa halmashauri anahusika moja kwa moja na fukwe zenu, mwiteni mapema.

Dalili ya kufaulu: una jina la ofisi moja na cheo cha mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya eneo hilo.

## Hatua ya 2: Hesabu kabla ya kugusa chochote

Chagua sehemu moja ya kusimama. Hesabu asubuhi na mapema, kisha saa kumi na moja jioni, siku mbili za kazi na Jumamosi na Jumapili. Andika korongo, kunguru, mwewe, njiwa, yangeyange, mbwa na paka, kila kundi kwenye safu yake. Andika pia nani anatoa chakula na chakula gani.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa. Watu hudhani tatizo ni watoto wenye bisi. Daftari likijazwa wiki moja, mara nyingi utakuta chanzo ni watu watatu au wanne tu: muuza samaki anayemwaga utumbo ukingoni, kibanda kinachotupa mabaki nyuma, mpiga picha anayerusha mapanki (mifupa ya samaki iliyoondolewa minofu) ili korongo wasogee karibu na wateja wake, na mzee mwenye moyo mzuri anayekuja na mkate kila jioni.

Tahadhari: usimpige picha mtu usoni wakati wa kuhesabu. Unatafuta chanzo cha chakula, na ukianza kwa kuwatisha watu utawapoteza kabla ya hatua ya tatu.

## Hatua ya 3: Ondoa chakula

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukifanya hatua hii vizuri na nyingine zote vibaya, bado utaona mabadiliko.

Mapipa kwanza. Korongo wetu, yule mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, hufikia kimo cha mita moja na nusu. Pipa lililo wazi liko usawa wa mdomo wake. Haruki wala hachutami, anazamisha tu kichwa. Mtazame akichagua: anachomoa mfuko wa plastiki wenye mafuta ya samaki, anautikisa, na usipopasuka anaumeza mzima. Mfuniko lazima uwe mzito kiasi kwamba mtoto wa miaka kumi anaunyanyua kwa mkono mmoja lakini mdomo hauusukumi. Ufunge kwa bawaba ili usiibwe. Pipa lenyewe lifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo, kwa sababu mbwa huliangusha usiku.

Pipa litolewe taka kabla ya giza, si asubuhi. Hili hupuuzwa kila mahali. Taka zikilala, umewaandalia mbwa na paka chakula cha usiku kucha, na asubuhi ndege wanamalizia kilichotapakaa.

Wauza chakula. Kaeni nao, kila mmoja kibandani kwake, saa ambazo hana wateja. Mpe ndoo yenye mfuniko na mkubaliane nani ataichukua. Utumbo na vichwa vya samaki ni mali: wafugaji wa kuku na nguruwe huvitafuta, na vikichemshwa vizuri ni chakula kizuri cha mifugo. Ukimtafutia mama lishe mfugaji mmoja wa kuchukua ndoo kila jioni, umemaliza tatizo la kibanda chake bila faini.

Mpiga picha. Huyu anatafuta riziki. Mweleze kwamba korongo na yangeyange huja wenyewe ukingoni asubuhi, na picha ya ndege akiwa majini ni nzuri kuliko ya ndege anayegombea panki miguuni mwa mteja. Mkikubaliana naye atakuwa mlinzi wenu, maana yupo pale kutwa nzima.

Anayelisha kwa huruma. Msimdhalilishe. Msalimie kwanza, na umweleze kwa faragha:

"Mwadila mama. Samahani, hapa tumekubaliana tusiwalishe tena. Wakizoea mkono wa mtu wanawapora watoto chakula, na mabaki yanaita mbwa usiku. Mkate hauwajengi, na ziwa lipo hapa, hawatalala njaa."

Kama anafuga kuku, mwambie na hili: njiwa wanaokusanyika kwenye chakula wanaweza kubeba mdondo, ugonjwa wa kuku, na kuupeleka kwenye mabanda ya watu. Nimeona akina mama wengi wakibadilika kwa hoja hii ya kuku kuliko kwa hoja nyingine yoyote, na ni hoja ya kweli.

Tahadhari tatu ambazo hazina mjadala:

Usitege sumu. Sumu iliyowekwa kwa korongo huua mwewe, mbwa wa jirani na kitoto cha paka, na mvua ikinyesha inaingia ziwani tunakochota maji.

Usikate mti wenye viota wala kuvunja mayai. Ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Kama viota viko juu ya njia au shule, halmashauri iwasiliane na mamlaka ya wanyamapori.

Usianzie Mwaloni. Soko hilo la Kirumba ni la dagaa na samaki, chakula cha ndege kiko kila mahali na ni sehemu ya kazi za watu. Anzeni na bustani moja au ufukwe mmoja mnaoweza kuusimamia.

Dalili ya kufaulu: siku za mwanzo ndege watazidi ukorofi. Watakaribia zaidi, watapiga kelele, watapanda juu ya meza. Kamati nyingi hukata tamaa hapo na kusema mpango umeshindwa. Kumbe ndiyo ishara kwamba chakula kimepungua kweli. Shikilieni. Wataanza kutawanyika kutafuta kwingine. Lengo si kubaki bila ndege, hili ni Ziwa Victoria na yangeyange na mnandi ni wenyeji kuliko sisi. Lengo ni ndege wanaojitafutia wenyewe majini.

## Hatua ya 4: Mfungulie njia mwenye mnyama

Anayetelekeza mbwa mara nyingi si katili. Amehamia nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa. Jike amezaa sita. Mbwa ana ukurutu na gharama imemshinda. Ukimwekea faini tu, atamtupa usiku au atampeleka kata ya pili, na mnyama ameumia vilevile.

Wekeni mambo matatu.

La kwanza ni orodha ya wanaotaka na wanaotoa. Kundi la WhatsApp la mtaa linatosha, lenye kanuni moja: mtoto wa mbwa au paka asitolewe kabla ya wiki nane, kwa sababu kabla ya hapo bado anamhitaji mama yake.

La pili ni siku ya chanjo na kuhasi. Zungumzeni na afisa mifugo wa kata mapema, mjue gharama za dawa na nani atachangia. Jike wa mbwa hubeba mimba takriban siku 63 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Paka huanza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu na huzaa mara nyingi zaidi. Familia ikikuuliza kwa nini imfunge kizazi paka mmoja, wafanyie hesabu hiyo mbele yao. Dume pia ahasiwe, na kazi hii ifanywe na daktari wa mifugo akitumia dawa ya ganzi au usingizi. Kuhasi kwa wembe nyuma ya nyumba ni ukatili na ni kosa.

La tatu ni muda wa msamaha. Tangazeni mwezi mmoja ambao mtu yeyote anaweza kumleta mnyama kwa afisa mifugo au kwa kamati bila kuulizwa maswali wala kupigwa picha. Hakikisheni kuna watu wawili waliokubali kuwahifadhi kwa muda, na banda limeandaliwa. Kutangaza msamaha bila banda ni kuwaalika watu wakutupie wanyama mlangoni.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtwisha mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Wakumbusheni watu hilo, lakini baada ya kuwaonyesha njia.

### Ukimkuta mnyama aliyetelekezwa

Usimshike kwa mikono mitupu. Watoto wakae mbali. Mwekee maji, mpigie afisa mifugo, na ubaki pale au uache mtu.

Mbwa anayetoa mate, anayeyumba, anayeuma hovyo au aliyebadilika ghafla anaweza kuwa na kichaa. Karibu vifo vyote vya binadamu vya kichaa cha mbwa duniani vinatokana na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaanze chanjo. Asipake mafuta ya taa, majivu wala dawa ya majani. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Dalili ya kufaulu: watu wanaanza kupiga simu kabla ya kumtoa mnyama nyumbani.

## Hatua ya 5: Tumia sheria iliyopo kwanza

Sheria ndogo mpya huchukua muda mrefu. Wakati mkiisubiri, someni sheria ndogo za usafi wa mazingira za halmashauri yenu. Kutupa taka ovyo kwenye eneo la umma tayari ni kosa, na utumbo wa samaki uliomwagwa ukingoni ni taka, hata kama aliyeumwaga alikusudia kuwapa ndege. Muombeni afisa afya wa kata aandike onyo kwa vibanda vilivyokataa ndoo. Vibanda vilivyokubali viachwe kwa amani.

Mtaa wenyewe hauna mamlaka ya kutunga sheria yenye faini. Mwenyekiti anayetoza shilingi elfu kumi kwa "sheria ya mtaa" anatoza bila uhalali, na mtu wa kwanza atakayekwenda kulalamika ataua mpango mzima.

## Hatua ya 6: Andika rasimu

Rasimu fupi ya sheria ndogo hupita, ndefu hurudishwa. Zingatieni sehemu hizi.

Tafsiri. Eleza "kulisha" ni nini: kumpa, kumrushia, kumwagia au kumwachia chakula ndege wa porini, au mbwa na paka wasio na mwenyewe. Eleza "kutelekeza": kumwacha mnyama mahali kwa nia ya kutorudi kumchukua. Bila neno nia, kila mbwa aliyetoroka uani atakuwa kosa, na wananchi watawachukia.

Eneo. Taja bustani na fukwe kwa majina kwenye jedwali mwishoni. Neno "mji mzima" linaua rasimu, hakuna askari wa kuisimamia.

Katazo la kulisha. Mfano wa maneno: "Mtu yeyote hataruhusiwa kulisha ndege wa porini, mbwa au paka wasio na mwenyewe, wala kuacha mabaki ya chakula nje ya pipa lenye mfuniko, ndani ya eneo lililotajwa kwenye Jedwali."

Katazo la kutelekeza. "Mtu yeyote mwenye mnyama, au anayemtunza, hataruhusiwa kumtelekeza ndani ya eneo lililotajwa, awe ndani ya boksi, kiroba, gari au chombo kingine."

Wasiohusika. Daktari wa mifugo, mtafiti mwenye kibali, mtu anayemwekea maji au chakula mnyama aliyejeruhiwa huku akisubiri msaada, na mvuvi anayeshughulika na samaki wake. Ukimsahau mvuvi, diwani wa kwanza kusimama barazani atakuwa anamtetea, na atakuwa na haki.

Wajibu wa halmashauri. Kuweka mapipa na kuyatoa taka. Msikubali kifungu hiki kiondolewe. Katazo lisilo na pipa ni uonevu.

Adhabu. Kiwango cha juu kimewekwa na sheria mama, mwanasheria wa halmashauri atawaelekeza. Ombeni onyo la maandishi kwa kosa la kwanza la kulisha, na adhabu kali zaidi kwa kutelekeza, kwa sababu hapo kuna kiumbe kinachoteseka. Watoto wasitozwe.

## Hatua ya 7: Ipitishe kwenye vikao

Anzeni mkutano mkuu wa mtaa. Hakikisheni mtendaji wa mtaa anaandika muhtasari, na kuna orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Bila hivyo vitu viwili, mkutano kama haukufanyika.

Muhtasari uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Mpeni daftari la hesabu na picha za kabla na baada ya mapipa. Kwa madiwani wa Ilemela ongezeni hoja ya uwanja wa ndege: uko kando ya ziwa, na korongo mwenye mabawa yanayopita mita mbili akizoeshwa chakula jirani na njia ya kurukia ni hatari kwa abiria.

Kutoka kata, suala linakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, kamati ya kudumu, kisha Baraza la Madiwani. Rasimu hutangazwa ili wananchi watoe maoni na mapingamizi. Halafu huenda kwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) kwa ridhaa, na huanza kutumika ikishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali.

Sehemu ya mapingamizi ndiyo inayowatesa wengi, kwa kuwa hawaitegemei. Pelekeni watu wenu watoe maoni ya kuunga mkono kwa maandishi, wakiwemo mama lishe na mpiga picha. Sauti ya muuza samaki anayesema ndoo imemsaidia ina uzito kuliko ya kamati nzima.

Mkihitaji mfano wa nje, utajeni wa London. Pale Trafalgar Square, muuza chakula cha njiwa aliondolewa 2001, na sheria ya kukataza kulisha ikafuata 2003. Chanzo kiliondoka kabla ya faini kuja.

## Hatua ya 8: Kibao na utekelezaji

Sasa weka kibao. Kiwe usawa wa macho, karibu na wanapouza chakula, chenye mchoro wa ndege na pipa kwa wasiosoma. Maneno: "Hapa hatulishi ndege, hatutelekezi wanyama. Mabaki yaweke kwenye pipa. Huwezi kumtunza mbwa au paka wako? Piga namba hii." Namba ikibadilika, kibao kibadilishwe wiki hiyohiyo.

Siku 30 za kwanza ni za maelezo tu. Baada ya hapo faini itozwe na afisa aliyeidhinishwa peke yake, kwa namba ya malipo ya serikali na risiti. Fedha taslimu mkononi mwa mgambo ni rushwa hata kama nia ilikuwa njema. Hakuna kumpiga mtu, hakuna kunyang'anya sinia la biashara.

## Hatua ya 9: Hesabu tena

Baada ya miezi mitatu, rudini sehemu ileile, saa zilezile, siku zilezile. Linganisheni safu kwa safu.

Ndege hawajapungua: tafuteni pipa linalolala na taka, au kibanda kipya. Ndege wamepungua lakini kunguru wamebaki: angalieni nyuma ya vibanda, siyo mbele. Ndege wamepungua na paka wameongezeka: njia ya hatua ya nne imeziba, pengine simu haipokelewi au banda limejaa. Panga siku nyingine ya kuhasi kabla ya kugusa kiwango cha faini, na matokeo yote, mazuri na mabaya, yapelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla halmashauri haijaanza kupanga bajeti, pamoja na ombi la mapipa mapya na fedha za dawa ya chanjo.